Jicho la Paja

Nilimwangusha Don Gutierre de Vallejera mara mbili ndani ya siku tisa. Mara ya kwanza nilisema kweli, mara ya pili nilisema uongo. Mara zote mbili nilikuwa namsaidia.

Mimi ni Blas Moreta, mwenye bucha hapa Valdecorza. Mama yangu, Olalla, alininyonyesha mimi na Don Gutierre pamoja, kwa sababu mama yake Don Gutierre alikufa siku ya nne baada ya kumzaa. Mimi nilipewa ziwa la kushoto, yeye la kulia. Mama alikuwa akisema la kulia ndilo lililokuwa na maziwa mengi, ndiyo maana mmoja akawa jemadari na mwingine akawa muuza nyama. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa hapa kwetu kuwa ndugu wa ziwa moja na mtu wa ukoo ule si jambo dogo.

Ukoo wa Vallejera haukuwa na mali. Ulikuwa na jina, na ngao ya jiwe juu ya mlango, basi. Babu wa babu yake aliingia Granada na jeshi la wafalme akiwa na ngazi iliyovunjika vidato vitatu. Babu yake alifia Italia. Baba yake, Don Bermudo, aliacha mkono mmoja baharini na hakuchoka kusimulia jinsi ulivyoondoka. Kila mmoja wao aliuza kipande cha shamba ili anunue farasi wa kwendea vitani, hata ilipofika zamu ya Don Gutierre hapakuwa na cha kuuza. Akaenda Flandria kwa miguu, na mkuki begani, akiwa na miaka kumi na saba. Nikamfuata.

Mimi nilirudi baada ya miaka sita nikiwa na vidole vinane. Yeye alibaki miaka ishirini na miwili zaidi. Alianza kama askari wa kawaida akaishia kuongoza watu elfu tatu. Kuna boma moja la udongo kule, la kuzuia bahari, alilishikilia siku kumi na moja huku maji yakiwafika watu kifuani na chakula kikiwa ngozi ya viatu vyao. Boma halikuanguka. Mfalme alipopata habari akasema mtu huyu apewe msalaba.

Msalaba ninaousema ni ule mwekundu unaoshonwa kifuani kwenye vazi la Shirika la mashujaa. Ukiwa nao, hakuna mtu anayekuuliza tena wewe ni nani. Lakini neno la mfalme peke yake halitoshi. Shirika lenyewe hutuma wachunguzi wawili, shujaa mmoja na padre mmoja, wakaulize mahali mtu alipozaliwa. Wanawauliza wazee kuhusu baba, mama, na babu na bibi wote wanne. Je, walikuwa Wakristo wa tangu zamani? Je, yupo aliyekuwa na tone la damu ya Kiyahudi au ya Kiislamu? Mtu anaweza kuwa amevunjwa mifupa yote kwa ajili ya mfalme, bado wataulizia damu ya bibi yake.

Na Don Gutierre aliuhitaji. Hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, Doña Violante, wa miaka kumi na tisa, aliyechumbiwa na kijana wa kina Cárcamo wa Trujillo. Binti alimpenda kijana, na kijana alikuwa tayari kuchukua jina la Vallejera ili ukoo usife. Ila baba yake kijana alitamka wazi: msalaba kwanza, harusi baadaye.

Wachunguzi walipokaribia, Don Gutierre alikuja buchani kwangu akichechemea. Alikuwa na risasi gotini tangu mwaka wa boma.

"Blas," akaniambia, "watakuuliza. Wewe ni shahidi mzuri, unatujua kuliko mtu yeyote. Lakini nakuomba, ndugu yangu. Jibu ndiyo, au jibu hapana."

"Sasa unadhani nitajibu nini? Labda?"

"Nakujua. Ukianza kueleza huwa husimami mpaka upigwe teke."

"Wewe ulikuwa ukisimamisha Waflandria, mimi nitashindwa kusimamisha mdomo wangu?"

Alicheka, akaondoka. Hakuruhusiwa kuwasogelea wachunguzi, wala wao kulala kwake. Tangu siku ile alikaa nyumbani akisubiri, mtu aliyekuwa hajui kusubiri.

Walifika buchani kwangu Jumanne asubuhi, wakati nakata. Shujaa aliitwa Don Álvaro, mzee mwenye kovu la shavu, na nilimpenda mara moja kwa sababu alichagua kipande cha nyama kwa macho kabla ya kusalimia. Padre aliitwa Rengifo. Alikuwa mnene, mpole, na sauti kama ya mtu anayekupa pole. Niliapa kwa Mungu na kwa msalaba. Padre akaketi kwenye kigoda changu, karatasi gotini.

Maswali ya upande wa baba yalipita kama maji. Ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo. Nilijisifu moyoni. Kisha tukafika kwa Doña Mencía, bibi yake mzaa mama, aliyemlea baada ya mama yake kufa.

"Ulimfahamu?" aliuliza Padre.

"Nilikulia jikoni kwake."

"Alikuwa Mkristo wa tangu zamani?"

"Ndiyo."

Hapo ningenyamaza. Padre naye hakuuliza kitu. Aliandika, akainua uso, akanitazama kama anayengoja, na mimi siwezi kuona mtu anangoja nisimpe kitu.

"Tena, Padre, nyama ya nguruwe aliila mpaka masikio," nikasema. "Kama kuna mtu amekuambia vingine, huyo ni mwongo."

"Hakuna aliyesema vingine."

"Maana watu wana midomo."

"Kweli. Na kondoo, je? Alikula?"

"Kondoo! Padre, hujala kondoo wewe kama hukula kwa Doña Mencía. Hata mpishi hakuruhusiwa kugusa paja. Bibi mzima, mwenye ngao mlangoni, alikuwa akikunja mikono ya gauni akalitengeneza mwenyewe. Mimi kazi hii amenifundisha yeye."

Don Álvaro alikohoa. Sasa najua kwa nini.

"Alilitengenezaje?" aliuliza Padre, taratibu.

Lilikuwepo paja mbele yangu. Nililigeuza upande wa ndani. "Unatia kisu hapa, nyama hizi mbili zinapokutana. Usikate sana. Unaingiza kidole, unatafuta kitu kama punje ya dengu, kimejificha ndani ya mafuta. Hiki hapa. Unakivuta na mshipa wake, unatupa. Doña Mencía alikiita jicho. Alisema paja lenye jicho halifai kuliwa. Ukilitoa, nyama hainuki."

"Jicho," alisema Padre huku akiandika. "Na yeye alifundishwa na nani?"

"Na mama yake, alisema. Na mama yake na mama yake."

"Basi ni jambo la ukoo."

"La ukoo kabisa!" nikasema. Nilisema kwa furaha.

Waliponiaga, Don Álvaro hakununua nyama.

Mchana nilimsimulia mke wangu, Casilda, nikiwa na mdomo umejaa mkate. Alikuwa anapakua dengu. Akaacha kijiko ndani ya chungu.

"Umewaonyesha? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono na kisu."

"Blas, wewe husimama wapi kanisani?"

"Nyuma. Karibu na mlango. Kwa nini?"

"Ndiyo maana husikii. Ule waraka wa mahakama ya imani unaosomwa kila Kwaresima, wa dalili za wanaofuata dini ya Kiyahudi kwa siri. Kuvaa shati safi Jumamosi. Kutoa mafuta kwenye nyama. Na kutoa tezi kwenye paja la kondoo. Tezi, Blas! Unafikiri tezi ni nini?"

"Tezi ni tezi. Hili ni jicho."

"Mume wangu," akasema, na sijamsikia tena akisema kwa upole ule, "ni kitu kimoja."

Niliacha kula. Miaka thelathini nilikuwa nasikia waraka ule nikiwa nyuma na mawazo yangu, na neno lile lilikuwa likipita kichwani bila kugonga mlango. Kwa Doña Mencía liliitwa jicho, na kwangu likabaki jicho. Mapaja yote ya Valdecorza yalipita mikononi mwangu. Mji mzima ulikuwa ukila kwa desturi ile, kuanzia paroko mpaka mpiga kengele, na wote walisifu nyama yangu.

Nilikwenda kwa Don Gutierre saa ileile. Nilimkuta ukumbini na Doña Violante, binti akipima kitambaa cheupe cha vazi kwenye mabega ya baba yake, mahali msalaba utakapokaa. Nikamwomba binti atupishe. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga.

"Bibi alikuwa akifanya hivyo?" aliuliza.

"Umekula kutoka mkononi mwake miaka kumi na saba."

"Nilijua kula tu. Sikujua jikoni kuna nini." Akakaa. "Na yeye? Alijua maana yake?"

"Sidhani. Alisema nyama itanuka."

"Labda mama yake alijua. Au mama wa mama yake." Alitazama kitambaa kile. "Basi nina damu gani mimi, Blas?"

"Ile niliyoiona Flandria. Nyingi, tena nyekundu."

"Usinichekeshe."

Nikamwambia nitarudi kwa wachunguzi, nitasema nilikosea. Akainuka na goti lake bovu, akanishika ukosi. Ndipo nikamwona jemadari.

"Hutarudi. Hilo ni neno la shahidi mmoja, kuhusu desturi ya jikoni. Wapo mashahidi ishirini na watatu wengine. Don Álvaro ni askari, anaweza kulipuuza. Jeraha linalokauka halichokolewi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Halichokolewi."

Nilirudi nyumbani. Wachunguzi waliendelea kuuliza mjini, na kila shahidi sasa aliulizwa kuhusu mapaja. Kufika Ijumaa, mji ulikuwa umejua. Tristán, fundi viatu, alisimama mlangoni mwa bucha yangu watu wakiwa wamejaa, akapaza sauti: "Blas, nikatie paja, ila jicho niachie! Nataka lione njia ya kwenda kuungama!"

"Nikikuachia jicho litaona viatu unavyoshona, lilie," nikamjibu. Watu walicheka, lakini walicheka zaidi kwa alivyosema yeye kuliko kwa nilivyojibu mimi. Na siku ile mapaja matatu yalibaki kwenye ndoano.

Nilifikiri siku nne. Mimi si mtu wa kufikiri siku nne, nikifikiri sana naharibu. Niliona hivi: kosa lote ni kwamba Doña Mencía ndiye aliyenifundisha. Angekuwa mwingine, bibi angetoka safi. Na mwingine yupi angeweza kunifundisha? Mama yangu. Sisi ni nani? Wauza nyama. Hakuna anayekuja kutushonea msalaba. Doa likikaa kwetu, litakaa mahali pasipo na kitu cha kuharibu. Ndivyo nilivyojiambia. Casilda sikumwambia, kwa sababu angeniambia nina wana wawili, na jambo hilo nililijua tayari.

Mama naye sikumwambia. Mama yangu alikuwa na miaka sabini. Hakuwahi kumiliki hata kondoo mmoja. Kitu kimoja tu alikuwa akikisema kila siku ya sikukuu akishapata divai: "Masikini sawa, lakini damu yangu haina tone la mtu mwingine. Wangapi wenye ngao wanaweza kusema hivyo?"

Siku ya tisa nilikwenda kwenye nyumba ya wageni. Wachunguzi walikuwa mezani, wanakula, mizigo yao imeshafungwa. Ile mizigo ingepaswa kuniambia kitu. Walikuwa wamemaliza.

"Nimekuja kusahihisha ushahidi wangu," nikasema.

Don Álvaro hakuinua macho. "Ushahidi wako uko sawa, muuza nyama. Nenda nyumbani."

"Hauko sawa. Nilichanganya."

"Nimesema nenda nyumbani."

Lakini Padre Rengifo alishavuta karatasi. "Mwache aseme, Don Álvaro. Ameapa. Ana haki."

"Aliyenifundisha kutoa jicho si Doña Mencía," nikasema. "Ni mama yangu."

"Ulimsahau mama yako mwenyewe?"

"Nilitaka kumficha. Ni aibu ya nyumba yetu. Doña Mencía alimwona mama akifanya, akaiga tu, kwa ajili ya harufu. Yeye hakujua. Asili yake ni kwetu."

Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njiani, na yalitoka vizuri. Padre aliandika yote. Kalamu ilikwenda, ikafika mwisho wa mstari, ikasimama.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Olalla Moreta. Yu hai."

"Alikuwa na kazi gani katika nyumba ya kina Vallejera?"

Don Álvaro aliweka kijiko chini. "Mungu wangu, mtu wewe," alisema, "nyamaza."

Sikumwelewa. Nilidhani ananidharau. Na swali lile nililijibu maisha yangu yote kwa kujivuna, ulimi wangu uliijua njia.

"Alikuwa mnyonyeshaji," nikasema. "Alimnyonyesha Don Gutierre miaka miwili kamili. Sisi ni ndugu wa ziwa moja."

Padre alifuta kalamu yake kwenye kitambaa.

"Unajua waganga wanasemaje kuhusu maziwa, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ile ya kutoa pole. "Wanasema ni damu iliyopikwa kifuani mpaka ikawa nyeupe. Mtoto anayenyonya, anakunywa damu. Ndiyo maana mfalme hampi mwanawe mnyonyeshaji asiyejulikana ukoo."

"Padre, subiri."

"Ulikuja na bibi mmoja mwenye shaka. Sasa una bibi ambaye bado ana shaka, maana sijui niamini neno lako lipi. Juu yake umeweka mnyonyeshaji uliyemkiri mwenyewe."

"Basi nimedanganya! Mama yangu hajui hata paja linakatwaje! Andika kwamba nimedanganya!"

"Nimeshaandika kwamba ulisema kweli mara mbili kwa kiapo. Nikiandika na la tatu, utakuwa umeapa uongo, na hilo si swali langu tena. Wapo wengine wa kukuuliza." Akakunja karatasi. "Nenda nyumbani. Don Álvaro alikushauri vyema."

Don Álvaro alinifuata mpaka mlangoni. "Nilikuwa kwenye boma lile," aliniambia. "Siku ya nane. Alinivuta kutoka majini kwa nywele." Akanitazama muda mrefu. "La jikoni lilikuwa limeshaisha, mpumbavu wewe. Nilikuwa nimemshawishi Padre alifute."

Nilimwambia Don Gutierre mwenyewe, barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Umeshamwambia Mama?" Alimwita Mama, kama siku zote. Nikasema bado. "Basi mimi nimeshasikia. Nenda kamwambie yeye, kabla hajaambiwa na Tristán."

Mama alikuwa anachambua maharage. Nilipomaliza, aliweka sinia kando. "Umewaambia mimi ni Myahudi," alisema. "Mimi."

"Nilitaka kumwokoa Gutierre."

"Nimekuzaa ukiwa na kichwa, sikujua kama umekiacha Flandria na vile vidole." Akainuka, akaingia chumbani. Yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho.

Shirika halimwambii mtu hapana. Linanyamaza tu. Miezi sita ilipita, na mwaka ukapita, na makaratasi yakabaki huko yalikobaki. Baba yake kijana wa Cárcamo alileta barua yenye heshima nyingi, inayosema wangoje mambo yatulie. Yeye hakungoja. Alimwoza mwanawe kwa wengine kabla ya mavuno.

Don Gutierre alimwandikia mfalme kuomba arudi vitani, hata bila cheo. Alijibiwa upesi, maana vita havina haja ya kuuliza bibi. Aliondoka akiwa na miaka hamsini na moja, goti bovu, mkuki begani, kama alivyoondoka mara ya kwanza. Nilimwambia nitamfuata. Akasema, "Hapana, Blas. Safari hii niache niende na mtu asiyenipenda."

Sasa nihesabu. Msalaba haukushonwa. Harusi haikufanyika. Doña Violante yuko kwa watawa wa Plasencia, nywele zimekatwa, na anapokea wageni wote isipokuwa mimi. Don Gutierre aliuawa miezi kumi na minne baada ya kuondoka, ndani ya mtaro, siku isiyokuwa na vita vyenye jina, na mwili haukuletwa. Ukoo wa Vallejera, uliohesabu wanaume watano mfululizo waliokwenda vitani, umeisha, na nyumba yake inakaa mbuzi wa watu. Mwanangu mkubwa, Andrés, alitaka upadre. Seminari iliuliza kuhusu bibi yake, ikamrudisha, sasa anasukuma mikokoteni Sevilla na hatumi habari. Mdogo ananisaidia buchani, na hakuna anayempa binti. Casilda bado yupo, lakini kanisani husimama peke yake, mbele kabisa. Mama aliishi miaka mitatu na miezi minne baada ya siku ile, chini ya paa moja nami, na katika muda wote huo aliniambia maneno matano: maji, funga mlango, mwite Casilda.